MBABULA ISILALE CHUMBANI

Ndugu mtumikaji, na wewe mama wa nyumba,

Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ni wa baridi kali. Bukari imekwisha kuliwa, na ndani ya mbabula makala yangali mekundu. Mtu anajiambia: moto huu usipotee bure. Anaingiza mbabula chumbani, anafunga dirisha, anaziba kwa nguo nafasi iliyo chini ya mlango, na watoto wanalala. Anaona amefanya vizuri, kwa kuwa moshi umekwisha.

Kosa liko hapo. Moshi unaoonekana unauma macho na kumfukuza mtu. Makala mekundu yasiyo na moshi yanatoa hewa nyingine, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia katika damu inashika mahali pa oksijeni, tena inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu anavuta pumzi kama kawaida, lakini mwili wake unakosa hewa. Aliyelala anaweza asiamke tena.

Watumikaji wa chini ya udongo wanaijua hewa hii, maana baruti nayo huitoa. Baada ya kulipua mawe, hakuna anayerudi pale mpaka mashine za hewa zifukuze moshi na kapita aruhusu. Huko Uingereza wachimba makaa ya mawe walikuwa wakishuka na ndege mdogo, kanari, ndani ya kitundu, kufuata shauri la mtaalamu John Scott Haldane. Ndege akilegea, watu walitoka haraka. Mwaka 1986 iliamuliwa kwamba vyombo vya kupima vichukue mahali pa ndege hao. Nyumbani kwako hakuna kapita wala kanari. Yupo mtoto, anayepumua haraka kuliko wewe, na pengine mama mwenye mimba, ambaye hewa hii inamfikia hata mtoto aliye tumboni.

Wengine wanasema: weka sahani ya maji karibu na mbabula, maji yatavuta sumu. Si kweli, hewa hii haiyeyuki katika maji ila kidogo sana. Kufunika makala kwa majivu hakusaidii pia, kwa sababu chini ya majivu yanaendelea kuungua polepole. Washa mbabula nje na upike nje. Mvua ikikufukuza, pikia mahali penye mlango na dirisha vinavyotazamana, vyote wazi. Wakati wa kulala mbabula ibaki nje, hata ikiwa na makala matatu tu. Kwa baridi, ongeza blanketi.

Walio na reshó ya gazi wamepunguza moshi na masizi, na hilo ni jambo zuri. Lakini gazi nayo inahitaji dirisha wazi, maana mwali wake unatoa dioksidi ya nitrojeni, inayochokoza vifua vya watoto, zaidi wenye pumu. Mwali mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na sufuria ikawa nyeusi, gazi haiungui vizuri: zima na utengenezeshe. Ukisikia harufu ya gazi, funga chupa, fungua milango, usiwashe kibiriti wala kugusa swichi ya umeme. Gazi ya chupa ni nzito kuliko hewa, inajikusanya chini sakafuni. Mpira wake upimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa moto.

Alama za sumu hii ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na miguu kulegea. Wengi wanafikiri ni malaria. Angalieni: je, mwili hauna joto la homa? Je, watu wote wa chumba wameugua pamoja? Wanapata nafuu wakitoka nje? Basi toeni kila mtu nje upesi na kumpeleka hospitali, hata aliyeanza kusema. Mwambieni mganga wazi kwamba mbabula ililala chumbani, wala msione haya. Kwa hewa ya kawaida, kupunguza sumu hiyo nusu katika damu kunachukua saa 4 au 5. Kwa oksijeni ya hospitali ni karibu saa 1 tu, lakini asiyeambiwa habari ya mbabula anaweza kutoa dawa ya malaria na kuwarudisha nyumbani.