Mvua na Matuta

(Mazungumzo ya redio)

Leo tuzungumze juu ya mtu anayekuja kwa mzee wa kanisa akiwa na moyo uliovunjika. Usiku halali, chakula hakimpendezi, shamba limemshinda, naye asema haoni faida ya kuishi. Mara nyingi kabla hajamaliza kusema, sisi tumekwisha kufumba macho na kuanza kuomba. Tukisema Amina, huenda zake na mzigo wake. Wengine huambiwa kwamba imani yao ni haba, na hapo mizigo huwa miwili.

Tumtazame Eliya, katika 1 Wafalme mlango wa 19. Nabii huyu aliketi chini ya mti jangwani akaomba afe. Kwanza aliachwa alale, akapewa mkate na maji, tena mara mbili. Baadaye Mungu alimwuliza anafanya nini pale, naye akasema yote ya moyoni. Akaulizwa mara ya pili, akarudia yale yale, wala hakukatizwa. Ndipo akapewa kazi, na Elisha awe mwenzake.

Ushauri mwema hufuata njia hiyo. Mwili huangaliwa, sikio hutangulia, maombi hufuata, wala mtu haachwi peke yake. Mshauri Mkristo humwuliza mtu kama apenda kuombewa, hamlazimishi. Huyataja mbele za Mungu yale aliyoyasikia, si kumhubiria mtu huku amefumba macho. Zaburi za kilio humsaidia aliyekosa maneno. Na siri ya mtu haitangazwi Jumapili kwa jina la ombi.

Je, kwenda kwa daktari ni kukosa imani? Hapana. Huzuni ya namna hii ikidumu majuma mawili, yafaa mtu aende hospitali. Akitaja kujiua, usimwache peke yake. Mfikishe siku ile ile. Na aliyepewa dawa asiiache kwa sababu ameombewa. Hapa Makueni, katika miaka ya 2010, shirika la Africa Mental Health Foundation liliwafunza wahudumu wa afya wa vijijini, waganga wa kienyeji na watu wanaoombea wagonjwa, wapate kutambua dalili za huzuni kali na kuwaelekeza wagonjwa kwenye vituo vya afya.

Sisi wa Tawa twaijua mvua. Hutoka kwa Mungu. Lakini ikinyesha juu ya shamba la mteremko lisilo na matuta, maji na udongo huishia mtoni. Ndiyo sababu wazee wetu walitoka kwa mwethya wakachimba matuta. Maombi ni mvua. Kusikiliza, subira na dawa ni matuta. Achimbaye matuta haidharau mvua, bali anaingojea.

Basi juma hili, akija mtu kwako, mpe kiti, mpe maji, umsikilize mpaka amalize. Kisha mwulize, "Je, tuombe pamoja?"

Bwana awabariki.