Samaki wa Kanyakine wanahitaji maabara

Kiwanda cha kuchakata samaki cha Kanyakine, Imenti Kusini, ni kimoja kati ya vinne vilivyojengwa chini ya mpango wa serikali ya Kenya wa kuchochea uchumi ulioanza 2009, pamoja na vya Rongo, Kakamega na Nyeri. Vidimbwi vilichimbwa kwa maelfu kote nchini. Kiwanda cha namna hii hudumu kikiletewa samaki bila kukatizwa, na vifo vidimbwini ni miongoni mwa mambo yanayokatiza.

Mkulima akiona ngege ametokwa macho, tumbo limevimba na ngozi ina vidonda, hukimbilia agrovet. Tatizo ni kwamba dalili hizo huletwa na Aeromonas na vilevile na Streptococcus agalactiae, bakteria wawili wasiotibiwa daima kwa dawa moja. Aeromonas wengi kwa asili hawaguswi na ampisilini. Anayebahatisha hupoteza pesa za dawa, kisha samaki, na huku bakteria wanazidi kuwa sugu.

Jeni humaliza ubishi. Mtaalamu huchukua sampuli ya figo au ubongo wa samaki, huotesha bakteria, hutoa DNA yao na kuizidisha kwa mashine ya PCR. Jeni inayosomwa kwanza ni 16S, yenye herufi za DNA kama 1,500, ambayo kila bakteria anayo. Mpangilio wake hulinganishwa na hifadhi za data zilizo wazi kwa ulimwengu mzima. Ina udhaifu: aina za Aeromonas zinafanana mno katika 16S, hivyo hubidi kusoma pia jeni kama gyrB au rpoD.

Gharama ya uchunguzi huu haibebwi na mwenye kidimbwi kimoja. Chama cha ushirika kinaweza, na kaunti ikichangia itapata faida kubwa kuliko kuchimba vidimbwi vipya. Kituo cha ufugaji samaki cha Sagana, Kirinyaga, kilichoanzishwa 1948, kipo tayari. Utafiti ujengwe juu ya msingi huo.

Mkulima naye apime maji kwanza, kwa sababu upungufu wa oksijeni alfajiri huua samaki bila bakteria yeyote. Maji yakiwa salama, peleka maabara samaki anayeumwa angali hai, kabla hujamtia dawa. Aliyekwisha kuoza amejaa bakteria wa uozo, na majibu yake yatakupotosha.