Chombo cha Shehena Kigeuzwapo Nyumba ya Safari

Wapo watu katika nchi za Ulaya na Marekani wanaonunua magari yaliyoundwa kuchukua mizigo, wakatia ndani yake kitanda na meko na tangi la maji, kisha wakasafiri nayo na kulala humo miezi kwa miezi. Kwa mtu wa Makoongwe, kisiwa kidogo kilicho mkabala wa bandari ya Mkoani, habari hiyo si ngeni, ijapokuwa gari silo lake. Kisiwa chake hakifikiwi ila kwa bahari, na nyumba yake ya safari ni mashua. Wavuvi wa Pemba tangu zamani huenda dago: huondoka kwao kwa majuma au kwa miezi, wakafuata samaki na majira mpaka pwani ya Tanga na Pangani, na wengine mpaka upande wa Kenya. Huko hulala chomboni au katika vibanda vya ufukweni, wakapika na kukausha samaki huko huko.

Si kila mtu awezaye kuunda chombo kipya. Mbao ni ghali, na fundi naye ana ujira wake. Kwa hiyo mwenye nia ya dago hutupa jicho kwenye mashua kuukuu iliyokuwa ikichukua mchanga, mawe au boriti, akasema moyoni: hii ina tumbo kubwa, tutaenea sote. Juu ya shauri hili twapenda kusema na watu wawili, naye ni yule mnunuzi, na yule atakayebaki nyumbani. Kwani fedha itakayotoka ni riziki ya watoto, na roho zitakazopanda ni za watu wao.

Jambo la kwanza ni uzito. Chombo cha shehena hutulia kwa shehena yake. Mawe yaliyopangwa chini huishusha mashua majini, ikakaa imara hata upepo ukivuma. Yaondoe mawe hayo, uweke mahali pake watu wanane na nyavu na mikeka, na mashua ile ile huelea juu juu, na tanga likijaa hulala upande. Hii ndiyo sababu mabaharia hutia farumi chomboni kisipokuwa na shehena. Basi mnunuzi asianze kwa kuuliza: nafasi ni kiasi gani? Aanze kwa kuuliza: uzito utakaa wapi?

Twasema hivi kwa kuwa mtu ageuzaye chombo hupenda kuongeza vitu juu. Hutaka paa la mbao la kumkinga jua, na dari ya kulalia, na pipa la maji karibu na mlingoti. Kila kimoja peke yake ni chepesi, lakini vikikusanyika juu ya ubavu wa chombo huwa ni mkono unaokipindua. Kivuli na kiwe cha turubai, la kukunjwa upepo ukizidi. Watu na walale chini. Meko na yawe sanduku la mchanga lililofungwa imara, mbali na mafuta ya mashine.

Maji nayo yana hesabu yake. Lita moja ni kilo moja. Watu 8, kila mmoja lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia, kwa siku 5, watahitaji lita 160, yaani madumu 8 ya lita 20. Madumu ni bora kuliko pipa moja, kwa kuwa pipa lililofika nusu maji yake hukimbilia upande ule ule ambao chombo kimelalia, yakazidisha balaa. Madumu hufungwa chini kwa safu, pande mbili sawasawa. Na Muislamu hapa ana wepesi ambao wengine huusahau: maji ya bahari ni tohara, na udhu kwayo unasihi. Basi maji matamu yote ni ya kinywa na chungu. Na katika sala, asiyeweza kusimama kwa msukosuko wa mawimbi ameruhusiwa kukaa. Mtu asisimamishe dari nzito juu ya chombo kwa kudhani kwamba ibada yamlazimu kufanya hivyo.

Jambo la pili ni kukijua chombo chenyewe, wala rangi isikudanganye. Chombo kilichopakwa rangi jana kwa ajili ya mnunuzi wa leo kitazamwe mara mbili. Kipandishwe pwani maji yakitoka, na mnunuzi apite chini yake pamoja na fundi asiyekuwa wa muuzaji. Apige mbao kwa nyundo kidogo na kusikiliza: mbao nzima hulia, mbao iliyooza hunyamaza. Achome kisu penye mkuku na penye mataruma, hasa mahali ambapo maji ya mvua hukaa. Misumari iliyokula kutu huacha weusi katika mbao, na weusi ukienea, msumari haushiki kitu. Atazame matundu ya mdudu anayetoboa mbao majini. Ndiye ambaye wazee humfukuza kwa kuchoma makuti makavu chini ya chombo, kisha wakapaka mafuta.

Baada ya hapo kiteremshwe. Chombo kilichokaa juu muda mrefu huvuja mwanzo, hata mbao zinywe maji na kuvimba. Kwa hiyo asikihukumu kwa saa moja, bali akiache siku mbili, kisha atazame ngama. Wahenga wamesema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ndiyo isemayo kweli ya chombo. Ikiwa siku ya tatu maji bado huingia mpaka mtu hawezi kulala kwa kuyakumba, basi hicho si chombo cha kulala watu.

Jambo la tatu ni bahari yenyewe. Mashua iliyofanya kazi miaka mingi baina ya Makoongwe na Mkoani imefanya kazi katika maji yaliyokingwa. Mkondo wa Pemba ni kitu kingine. Upana wake ni kiasi cha kilomita 50, na kina chake hufika karibu mita 800, wala hapana nanga itakayogusa chini. Upepo wa kusi ukikutana na maji ya kinyume chake, mawimbi husimama wima. Chombo chema kwa maji haya si lazima kiwe chema kwa yale.

Mfano tunao, nao unauma. Meli ya Skagit iliundwa mwaka 1989 kuvusha abiria katika ghuba zilizokingwa za jimbo la Washington, Marekani. Mwaka 2011 iliuzwa, ikaletwa kwetu. Tarehe 18 Julai 2012, katika msimu wa kusi, ilipinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na watu wengi wakafa. Kabla ya hapo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikija Pemba, ikiwa imejaa watu na mizigo kupita kiasi, na nyumba nyingi za Pemba zikaingia msibani. Hizo zilikuwa meli kubwa. Lakini sheria ya uzito na ya bahari ni moja, kwa meli na kwa mashua.

Jambo la nne ni haki za watu, na hapa twasema na wa nyumbani. Muuzaji Muislamu haimhalalikii kuficha aibu ya chombo chake. Na auzaye mashua inayovuja kwa mtu mwenye watoto ameuza hatari, si mbao. Mnunuzi naye, kwa kuwa mara nyingi hununua kwa shirika na ndugu au rafiki, na aandike. Qur'ani imetuamrisha kuandika deni na kushuhudisha. Na iandikwe: nani ametoa kiasi gani, nyavu ni za nani, mashine ni ya nani, na deni limebaki kwa nani. Mume akifa safarini, mjane ataulizwa hisa yake ni ipi, na warithi watangoja jawabu. Karatasi moja sandukuni huwalinda mayatima kuliko maneno mazuri ya matangani. Mke asione haya kuiuliza kabla ya safari, wala mume asione kwamba ametukanwa. Katika Suratul Kahf tunasoma habari ya jahazi la masikini waliokuwa wakifanya kazi baharini, na jinsi lilivyohifadhiwa lisinyang'anywe. Chombo cha masikini kina heshima mbele ya Mola wao. Na kiwe na heshima katika hesabu zetu pia.

Tena pana barua ya sheha, na usajili wa chombo kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na maboya ya kujiokolea kwa idadi ya watu. Mwenye kuvihesabu vitu hivi kuwa ni gharama ya bure na ahesabu bei ya mtu mmoja.

Mwisho, kabla fedha haijatoka mkononi, chombo na kijaribiwe. Kitiwe uzito ule ule kitakaouchukua safarini, madumu yakiwa yamejaa na watu wakiwa ndani, kikatembezwe kutwa nzima penye upepo, karibu na ardhi. Jioni wakirudi, wote waliopanda waulizwe, hata kijana mdogo wa kukumba maji, maana yeye ndiye aliyekuwa ngamani. Wakisema chombo kimetulia, na anunue kwa jina la Mwenyezi Mungu. Wakisitasita, fedha na irudi sandukuni, na dago lingoje msimu mwingine. Samaki watakuwapo.