Mayai Yote Katika Kapu Moja

Mgeni mmoja alizungumza na wafugaji wa kuku hapa Mbezi Beach. Alisema Kiingereza. Mimi nilitafsiri: "Msiweke mayai yote katika kapu moja."

Mama mmoja akauliza, "Bwana shamba, kila kapu tuweke mangapi?"

Nikamjibu, "Kumi."

Kumbe ile ilikuwa nahau, yaani maneno yenye maana ya kufichika. Mgeni alitaka kusema: msitie fedha zote katika kazi moja. Yule mama alitia zote katika kuku. Mdondo ukaingia, ukawamaliza.

Sisi pia tuna nahau. Tukisema kijana amepata jiko, ameoa. Hakununua jiko la mkaa. Nawe ukisikia Mwingereza anasema mzee fulani amepiga teke ndoo, usiulize ndoo iko wapi. Mzee amekufa.