Taratibu za pasipoti kwa mashua za starehe kati ya Uingereza na Ufaransa

Taratibu za pasipoti kwa mashua za starehe kati ya Uingereza na Ufaransa ni masharti yanayowahusu watu wanaovuka Mfereji wa Kiingereza kwa mashua zao binafsi. Penye wembamba zaidi, karibu na Dover, upana wake ni kilomita 33 hivi, lakini safari hiyo fupi inavuka mpaka wa nje wa Umoja wa Ulaya.

Tangu tarehe 1 Januari 2021 raia wa Uingereza ni mgeni kutoka nje ya Umoja huo. Bila viza anaruhusiwa siku 90 tu katika kila kipindi cha siku 180, na siku hizo huhesabiwa kwa pamoja katika nchi zote za Eneo la Schengen. Pasipoti yake iwe imetolewa ndani ya miaka 10 kabla ya kuingia.

Kwa kawaida mashua hufika kwanza kwenye bandari yenye kituo cha mpaka, kama vile Cherbourg au Calais. Kuandikishwa wakati wa kutoka ni muhimu vilevile: asiyeweza kuthibitisha siku aliyoondoka anaweza kudhaniwa amepitiliza muda wake. Mwezi Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kutumia alama za vidole na picha badala ya muhuri.

Kwa Wafaransa nao, tangu tarehe 1 Oktoba 2021 kitambulisho cha taifa kwa kawaida hakitoshi kuingia Uingereza, pasipoti inahitajika.