Kumwelewa Mbwa wa Ploti (2): Ukali Unaotengenezwa kwa Mnyororo

Ploti nyingi za Gatwekera na Laini Saba hapa Kibera, na za Gatina kule Kawangware, zinafanana: safu mbili za vyumba vya mabati zikitazamana, ujia mwembamba katikati, choo cha pamoja upande mmoja na lango upande wa pili. Mbwa wa ploti, ambaye mara nyingi huitwa Simba, hufungwa karibu na lango hilo kwa mnyororo mfupi tangu asubuhi. Kutwa nzima watu wanampita puani. Mtoto anamruka akikimbilia chooni, kijana anamtupia kijiwe ili asikie akibweka, mpangaji mgeni anapiga mayowe. Usiku ukiingia anafunguliwa azunguke. Wenye ploti wengi wanaamini hivyo ndivyo mlinzi anavyopatikana. Juma lililopita tuliangalia wajibu wa mwenye mbwa kisheria. Leo nataka kuonyesha kwamba imani hiyo ni ya hatari, na kwamba anayeumia ni mtoto wa ploti hiyohiyo kabla ya mwizi yeyote.

Mnyama aliyeogopa ana njia chache: akimbie, atulie tuli, au apigane. Mnyororo unamfutia njia ya kwanza. Akitulia na watu wakazidi kumsogelea, inabaki moja. Siku atakayogundua kwamba kutoa meno kunawarudisha watu nyuma, amepata somo ambalo hatalisahau. Ndiyo maana mengi tunayoyaita ukali ni woga uliokosa pa kukimbilia. Mlinzi mzuri ni mbwa aliyetulia: mgeni akifika anabweka, mwenyewe akija anamsikiliza, kisha ananyamaza.

Je, damu haihusiki? Inahusika, ila si kwa kiasi wanachodai wanaouza chotara wa German Shepherd kwa bei ya kuumiza. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya majibu kuhusu mbwa zaidi ya 18,000, ukaonyesha kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Zamani zaidi, John Paul Scott na John Fuller walilea mbwa wa aina tano kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, wakachapisha kitabu chao 1965. Mojawapo ya aina hizo ilikuwa basenji, mbwa wa kuwinda kutoka misitu ya Kongo. Watoto wa basenji walipokuwa na majuma matano walikuwa waoga kupindukia, na wakibanwa kwenye kona walikuwa tayari kuuma. Waliposhikwa na kuchezewa na watu mara kwa mara, woga huo ukapungua upesi.

Wataalamu hao walionyesha pia kwamba mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya kwa urahisi kuanzia juma la tatu hadi la kumi na mbili hivi. Alichokutana nacho kwa wema katika kipindi hicho hatakiogopa ovyo baadaye. Hapa Kibera ina utajiri ambao hatuutambui. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa kando ya reli ameshasikia garimoshi, bodaboda, mashine ya kusaga unga, adhana ya Makina na spika za makanisa kabla hajatimiza miezi mitatu. Ameona watoto wenye sare, mzee mwenye mkongojo, mama aliyejitwika karai. Mwenzake aliyefichwa nyuma ya ukuta kule Lavington, hatua chache tu kutoka Kawangware, huenda hajaona hata kimoja. Kwa maoni yangu, ndiyo maana mbwa wengi wanaozurura vichochoroni mwetu ni watulivu kuliko wanaofungiwa. Tunauharibu utajiri huo tunapomtoa kwa mamake mapema mno, kisha tukamtia mnyororo siku hiyohiyo. Aachwe hadi majuma manane. Katika mchezo na ndugu zake hujifunza kupunguza nguvu ya meno, kwa kuwa akimuuma mwenzake sana mchezo unakatika. Baada ya hapo atembezwe, lakini virusi vya parvo vinaua, basi abebwe mikononi mpaka chanjo zikamilike.

Kuhusu adabu yenyewe, chombo bora cha kufundishia kinauzwa kila kibanda: omena. Ni ndogo, ina harufu kali, na mbwa atafanya lolote ili aipate. Shika omena moja juu kidogo ya pua yake, uirudishe polepole kuelekea kisogoni. Kichwa kikiinuka, makalio yatashuka. Yakigusa ardhi tu, mpe papo hapo. Ukichelewa hata kidogo, umemlipa kwa jambo jingine alilofanya baadaye, labda kukurukia. Neno "keti" liongeze akishaelewa. Hatimaye aketi kabla ya sahani kuwekwa chini, kabla ya lango kufunguliwa, mgeni anapoingia. Mbwa aliyeketi hawezi kumrukia mtu kwa wakati huohuo. Nao majirani wa Makina wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambao mate ya mbwa kwao ni najisi ingawa wa ulinzi ameruhusiwa, wanaweza kumfundisha bila kuguswa: omena itupwe chini mbele yake.

Fimbo nakataa kabisa, na sababu yake kubwa ni mngurumo. Mbwa mwenye wasiwasi hutoa dalili kwa mpangilio: analamba midomo bila chakula, anapiga miayo, anageuza kichwa, weupe wa jicho unaonekana, mwili unakakamaa. Kisha ananguruma. Mkia uliosimama juu ukitikisika kwa ugumu si furaha pia. Anayepigwa kwa sababu ya kunguruma huacha kunguruma tu. Woga unabaki palepale. Kesho atauma bila kutoa onyo lolote, na watu watashangaa wakisema alikuwa mpole.

Na akiuma, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Maji ya mtungi yanatosha mtu akiyamimina. Kisha majeruhi aende hospitali siku hiyohiyo akachunguzwe kama anahitaji chanjo, hata kama mbwa anajulikana. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa, na Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 hivi ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto chini ya miaka 15. Mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu na arudiwe kila mwaka. Chama cha kulinda na kutunza wanyama, KSPCA, kilichoko Karen, si mbali na Kibera, huchanja na kuhasi.

Asiyeweza kuacha mnyororo leo afanye hivi: afunge waya imara kutoka nguzo hadi nguzo kando ya ukuta, mbali na njia ya chooni, mnyororo utembee juu yake kwa pete. Mbwa apate kivuli, maji, na pembe ya kujificha. Kisha achore mstari ardhini pale mnyororo unapoishia, awaonyeshe watoto wote wa ploti wasiuvuke. Kila anayepita aombwe kumtupia omena moja bila kusimama.

Juma lijalo: mbwa mzima aliyekwisha kuuma, na jinsi ya kumrekebisha.