Gogo la Limbali na Moshi Wake

Sogeeni, wanangu. Mkitoka Kisangani kwa barabara ya taifa namba 4 mpaka Bafwasende, kwenye mto Lindi, mtaona mifuko ya makala inangoja lori. Kila kipande humo kilikuwa mti.

"Mjomba, mbona mti ulipita motoni na haukuwa majivu?"

Aa, swali la mtu mwenye macho! Tuliulize gogo lenyewe, la mti uitwao limbali.

"Mimi nilipangwa na ndugu zangu," linasema gogo. "Tukafunikwa majani, tukafunikwa udongo. Hewa ikawa haba. Pasipo hewa siwaki, napata joto tu. Nikapata joto, nikapata joto. Kwenye digrii 100 maji yalinitoka. Nilikuwa mti bado."

"Kisha?"

Kisha minyororo ikakatika. Mti ni minyororo mirefu sana, kama watoto walioshikana mikono uani. Wataalamu huiita polima. Joto ndiyo ngoma yao: likizidi wanarukaruka, likizidi tena mikono inaachana. Mnyororo uitwao hemiselulosi huachia kwanza, kati ya digrii 200 na 300 hivi. Selulosi hushikilia mpaka ipite 300, halafu huachia kwa kishindo. Lignini ni mkaidi, huachia polepole, na makala mengi hutoka kwake.

"Walioachia wanaenda wapi?"

Wanatoka na moshi, wanangu. Kinachobaki zaidi ni kaboni.

Fundi wa makala hana kipimajoto. Anatazama moshi. Mweupe mzito: maji yanatoka. Wa manjano, unaochoma macho: minyororo inakatika. Mwembamba wa bluu: makala yameiva, ziba matundu upesi! Akichelewa, hewa itayala makala, naye atafukua majivu.

Maabarani nako wanatazama, ila kwa mizani. Mwaka 1915, Kotaro Honda wa Japani aliunganisha mizani na tanuru. Siku hizi wataalamu huweka kipande cha miligramu chache, hupitisha naitrojeni badala ya hewa, hupandisha joto taratibu, labda digrii 10 kila dakika. Uzito ukipungua, mstari kwenye grafu unashuka. Unashuka kidogo maji yanapotoka, kisha unaporomoka selulosi inapokatika. Mizani ni hodari, sikatai. Lakini haijawahi kulala porini ikichunga moshi, na mimi heshima yangu nampa fundi.

"Mjomba, na bidoni ya plastiki?"

Umenizidi akili, wewe! Bidoni nayo ni polima. Inayeyuka mapema, kwenye digrii 130 hivi, lakini minyororo yake haikatiki sana mpaka joto lipite 400. Msiijaribu jikoni, moshi wake ni sumu.

"Iyeyuke bila kukatika? Inawezekanaje?"

Rudini uani. Mstari mmoja wa watoto unateleza kando ya mwingine, kila mmoja unaenda upande wake, na hakuna mtoto aliyeachia mkono wa mwenzake. Ndivyo plastiki inavyoyeyuka. Mti hauwezi hivyo: mistari yake imebanana mno, na mikono huachana kabla haijapata nafasi ya kuteleza.